Vitambaa vya Shangazi Kando ya Kijito

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu wake wa kulia haujui kupumzika. Hata akiketi kwa daktari, unapiga pedali isiyokuwepo. Chumba chake kimejaa mabaki ya vitambaa: chini ya mashine, juu ya kabati, ndani ya masufuria. Mwambie avipunguze, atakutazama kama umemwambia auze watoto.

Sasa, mwanamume anayetaka kumuoa ni mfagizi. Amestaafu kazi ya stendi ya mabasi, alifiwa na mke zamani, mpole, shati limenyooka kama ukuta; mtaani tunamwita Bwana Safi. Shangazi aliahidi kumpa jibu Jumamosi ile, kwenye matembezi ya msituni, kabla hatujatoka getini. Mimi nilikwenda kama mbeba kikapu.

"Nampenda," aliniambia njiani. "Lakini yule akiingia chumbani kwangu atafagia mpaka kumbukumbu. Nitaamka siku moja sijui nilimshonea nani nini."

"Utaamka uione sakafu, shangazi. Nasikia unayo."

"Nyamaza, wewe nusu diploma."

Hakukosea. Nilisomea kuongoza watalii nikaishia katikati: kupeleka watu najua, kurudisha hatukufika.

Bwana Safi alikuwa anatusubiri getini, viatu vinang'aa.

"Bi Fundi, habari za nyumbani?"

"Njema. Umekuja kutembea au kuapishwa?"

Alicheka hadi mabega yakatikisika. Njia za pale zinafuata kijito, zinaachana, zinakutana tena, na ramani ya kwenye ubao ilikuwa imeliwa na jua. Kwa hiyo kwenye njia panda ya kwanza shangazi akatoa kitambaa chembamba kwenye pochi, akakifunga kwenye kijiti.

"Napiga bandi," akaniambia. Ndiyo ile mishono ya muda ambayo mafundi hutangulia nayo kabla ya mishono yenyewe. "Kurudi tutafuata hivi hivi."

Bwana Safi hakusikia. Alikuwa bado nyuma, anampongeza mlinzi kwa usafi wa pipa la taka.

Basi tukatembea. Sijui niseme nini kuhusu saa zile, maana hata sasa nazikumbuka kama kitu nilichosimuliwa nikiwa nasinzia. Mwanga ulipita kwenye majani ukadondoka majini vipande vipande. Kijito kiliongea kama watu walio chumba cha pili: unasikia sauti, maneno huyapati, na wala huyahitaji. Kereng'ende wa buluu alitua kwenye kikapu, akasafiri nasi bure. Shangazi alifunga vitambaa vyake, kila njia ilipogawanyika, bila kugeuka. Bwana Safi alifuata nyuma taratibu, mikono mfukoni, akipiga mluzi usio na wimbo. Tulipofika kwenye jiwe pana tukavua viatu. Shangazi akatumbukiza miguu, na ule wa kulia ukaanza kushona maji. Nilifumba macho, nikahisi msitu mzima unaelea, na sisi juu yake.

Kisha tukageuka kurudi, na njia panda ya kwanza tuliyoifikia haikuwa na kitambaa. Tukajaribu upande mmoja, tukatokea penye njia panda nyingine. Nayo tupu.

"Vitambaa vyangu viko wapi?" shangazi akauliza.

Bwana Safi akasimama. "Vile matambara? Nimeokota. Nikasema kuna watu hawana adabu, wanafunga taka kwenye miti."

"Asiye na adabu ni mimi."

Uso wa shangazi ulifungwa kama duka. Nilijua anachokiona: chumba kitupu, sakafu inang'aa, yeye katikati hana pa kushika. Jibu lilikuwa mdomoni, na halikuwa zuri.

"Umetupa?"

"Nilitaka." Akaingiza mkono mfukoni. Vilitoka vimekunjwa kimoja kimoja. "Pipa jingine tulilipita kule njiani. Lakini nikaona kingo zake. Havikuchanwa hivi hivi, vimekatwa na mkono wa mtu. Nikashindwa." Akavipanga juu ya gogo. "Hiki cha maua nilikiokota mwisho, kwenye mti wenye kovu. Hiki cha kijani, pale maji yanapopiga kelele. Cha mistari, kwenye daraja la mbao."

Shangazi akakichukua kimoja. "Cha mistari ni gauni la dada yangu," akasema polepole. "Alilivaa siku aliyopata kazi."

"Alipata kazi gani?"

Akamwambia. Tukaanza kurudi hivyo, yeye akitutajia mahali, shangazi akimtajia nguo: mti wenye kovu, kigauni cha mtoto wa jirani, maji yenye kelele, pazia la nyumba aliyohama akilia. Mimi nikawa nyuma na kikapu changu, nikasahau kabisa kuwachekesha.

Geti lilipoonekana, Bwana Safi akakohoa. "Bi Fundi, geti lile."

"Naliona. Utakuja kukaa kwangu. Sakafu ya mlangoni fagia upendavyo. Ila chini ya mashine usiokote kitu mpaka uniulize kilitoka wapi."

"Kila kitambaa?"

"Kila kitambaa."

Akatafakari kama mtu anayepima kazi kabla ya kuipokea.

"Basi," akasema, "nitakuja na kiti cha kusikilizia."