Laptop Yenye Mdomo wa CD

Msimu wa korosho ukifika na wakulima wakishalipwa, simu yangu haipoi. Wengine wananunua bati, wengine pikipiki, na wengine, kwa sababu mtoto kaingia chuo au kwa sababu tu jirani kanunua, wanataka laptop. Wote wanaanza vilevile: "Mwalimu, habari za kazi, hebu nitafutie laptop nzuri ya bei chee." Nafundisha kompyuta sekondari hapa Masasi, nakaa Mkomaindo, na nikiri tu kwamba napenda sana kuulizwa. Nikiulizwa naongea, na nikianza kuongea kuninyamazisha ni kazi.

Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka. Kama hela ni ndogo, achana na hizo mpya nyembamba zinazong'aa dukani. Nafasi yake ya kuhifadhi ni ya kijiko, ikijisasisha mara mbili imejaa, inaanza kutambaa. Chukua mtumba uliotumika ofisini huko Ulaya, una mwili mgumu. Uliza kama diski yake ni ile ya kisasa isiyozunguka. Chomoa chaja mbele ya muuzaji, kaa na laptop nusu saa nzima uone betri, hata akinuna. Bonyeza kila herufi. Na usikubali fundi akujazie programu za wizi zenye virusi, wakati za bure zipo, za kuandikia, za kupigia hesabu, za kuangalia video, na zinafanya kazi vizuri tu. Hotuba hiyo naitoa bila hata kupumua. Kitu ambacho nilikuwa siulizi ni kwamba mtu anaitaka laptop ya kazi gani.

Mwaka juzi akaja mama mkubwa, dada yake mama yangu, mkulima wa korosho kule Mnyambe. Alitoka kwake alfajiri, akapitia Newala, akafika kwangu saa nne na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja unisaidie kununua kompyuta. Nataka ile nene ya zamani, yenye mdomo wa CD."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, anataka kompyuta, tena anataka ile iliyopitwa na wakati! Yeye akatabasamu tu, akaweka pochi yake mapajani akaikumbatia.

Ndani ya pochi ile, imefungwa kwenye kipande cha khanga, kulikuwa na CD ya harusi ya binti yake. Huyo binti alikuwa mdogo wangu kwa mama mkubwa, tumekua pamoja, tumelala kitanda kimoja likizo zote. Aliolewa nikiwa chuoni katikati ya mitihani, sikuhudhuria. Kabla mwaka haujaisha akafariki kwa uzazi, yeye na mtoto wake. CD ile waliiangalia kwenye deki mpaka deki ikafa, na siku hizi deki hupati mtu wa kuitengeneza. Picha za karatasi mama mkubwa anazo mbili. Alichotaka ni kumwona mwanawe anatembea. Mambo ya CD hiyo mimi sikuyajua siku ile, kwa sababu sikumpa nafasi ya kuyasema.

Nikamwongoza mpaka kwa fundi mmoja anayeuza mitumba karibu na stendi. Nilijigamba pale, acha tu. Nikachomoa chaja, nikakaa nusu saa. Nikabonyeza herufi zote. Nikaikataa ya kwanza, bawaba zinalia. Nikaikataa ya pili, kioo kina doa. Ya tatu ilikuwa nyembamba, nyepesi, betri yake kama jiwe. Mama mkubwa akaigeuza huku na huku.

"Sasa mdomo wake uko wapi?"

"Mama, siku hizi hazina mdomo. Mambo ya CD yameisha. Kila kitu kiko kwenye simu."

Fundi akacheka, na mimi nikacheka naye. Mama mkubwa akatutazama, kwanza fundi, kisha mimi.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akalipa. Nikamwekea programu zote za bure ninazozipenda, pamoja na ile ya video yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo haichagui faili. Jioni akapanda gari akarudi kwao. Nililala siku ile nimejipongeza.

Ilipita kama miezi saba. Nikaenda Mnyambe kwenye hitma ya mzee mmoja wa ukoo, na shughuli ilipoisha nikaingia kwa mama mkubwa kusalimia. Nikaiona laptop juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha rangi ya maziwa, juu ya kitambaa kuna ua la plastiki. Nikaifungua. Haikuwa na chaji. Ilikuwa haijawashwa tangu siku niliyoiwasha mimi.

Nina hasira za karibu, sifichi. Nikaanza. Mama, kweli? Nimehangaika na jua lile, nimegombana na fundi, ili uje uipambe na maua? Si bora ungenunua bati! Nikasema na mengine ambayo leo nikiyakumbuka naona aibu peke yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamenya muhogo. Aliweka kisu chini, akaingia chumbani, akarudi na kile kipande cha khanga, akanifungulia mbele yangu.

"Nilitaka ya kuingiza hii," akasema. "Ya mdogo wako."

Nilikaa chini. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unaongea."

Hakulisema kwa ubaya. Ningependa angelisema kwa ubaya, ningekuwa na pa kujitetea. Nikaigeuza ile CD kwenye mwanga wa mlango: michirizi mitupu, mingine mirefu, na pembeni alama za vidole zilizokauka. Nikauliza kama kuna nyingine. Hakuna. Za upande wa mume zilipotea, na mpiga video mwenyewe alihama zamani, hata simu yake haipatikani. Ilibaki hiyo moja.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Mnyambe. Nilikuwa nimepata kwa yule fundi kisomeo cha CD cha pembeni, kile cha kuchomeka kwa waya; alikitoa kwenye laptop nene iliyokufa, akakivalisha kava. Kitu cha bei ya kuku. Miezi saba mama wa watu amekaa na mzigo wake, na dawa yake ilikuwa dukani kwa fundi yule yule tuliyecheka naye.

Nikaomba maji na sabuni kidogo. Mnyambe maji ni ya dumu, unayaheshimu, lakini alinimiminia bakuli zima. Nikaiosha CD kwa ncha za vidole, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha, maana ukizungusha unaiongezea michirizi. Halafu nikamwambia ukweli: hatuiangalii kwanza. Inaweza ikawa na mzunguko mmoja tu uliobaki, na mzunguko huo lazima tuutumie kunakili. Nilikuwa nimeweka programu ya bure inayonakili CD mbovu. Ikikuta pabovu haikati tamaa, inaparuka, inaendelea mbele, kisha inarudi kujaribu tena.

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, mama." Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisikia nikisema sijui.

Ilianza vizuri. Asilimia thelathini, arobaini. Kwenye hamsini na mbili kisomeo kikaanza kukwaruza kama panya darini, namba ikaganda. Mama mkubwa akaacha kumenya muhogo wake. Hapo hapo umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, na kilichobaki ni kile kisomeo, kinazungushwa na betri ya laptop. Nilikuwa nimeisifia sana betri ile. Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka ikawa shida kuona, nikafunga programu nyingine zote, nikakaa na mikono mapajani. Hamsini na mbili. Nilisali, na mimi si mtu wa kusali hovyo. Baada ya muda ambao siwezi kuupima, ikawa hamsini na tatu.

Ilipomaliza ilikuwa karibu na alasiri. Palikuwa na mashimo ya dakika chache huku na huku, lakini harusi ilikuwa imeokoka. Nikaweka nakala kwenye flashi mbili, moja yake, moja yangu, kabla sijabonyeza ile alama ya koni. Betri ilikuwa imebakiza kidogo sana.

Video ikafunguka kwa maua yanayozunguka na majina ya maharusi. Wakaja watu wanacheza, mashangazi wanatunza pesa, mjomba mmoja ambaye sasa ni marehemu anakata mauno mpaka nikacheka. Halafu akaja bibi harusi. Anatembea taratibu, mkono wake umeshikwa na msimamizi, shela imeteremka, uso umeinamia zulia. Akakaa, kainamisha uso. Watu wakapita kumtunza, kainamisha uso. Mume akamvisha pete, mpiga video akasogea karibu kabisa, akainama kwa chini kumtafuta, na tukaona kidevu, na hina, na ncha ya pua.

Nikasogeza mbele, nikarudisha nyuma. Nilikuwa natafuta mahali popote alipotazama kamera. Hakukuwa na mahali.

"Mimi ndiye niliyemwambia," mama mkubwa akasema. "Asubuhi ile, tunamvalisha. Alikuwa mcheshi sana, unamjua. Nikamwambia, leo usinitie aibu, bibi harusi hainui uso, watu watasema huna adabu. Akaniambia, sawa mama."

Kwenye kioo, mdogo wangu alikuwa amekaa kimya, mabega yakipanda na kushuka anavyopumua. Mama mkubwa akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaweka kidole chini ya kile kidevu, taratibu, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa.

"Inua, mama," akamwambia. "Inua tu uso. Waache waseme."