Mahubiri ya Kezia Mfua Nguo

Kezia Ruffin alijaliwa mikono ya kazi na mdomo usiojua likizo. Katika kijiji kizima cha Mill Fork, Indiana, hakuna aliyefua shati likang'aa kama yeye, wala aliyelirudisha na maneno mengi kama yeye. Kola yako ingekujia imetiwa wanga na kupigwa pasi, pamoja na habari za ng'ombe wa jirani, jino la mkwe wake na ugomvi wa juzi kisimani. Kwa sababu hiyo, Marafiki, wale wazungu wa kofia pana wanaoitwa Wakwekeri, walikaa miaka mitatu wakimficha kwamba wanawavusha watumwa waliotoroka Kentucky. Waliogopa atamwaga siri. Kumbe mwenzao alikuwa ameshawaficha watu kumi na mmoja chini ya marundo ya nguo zao wenyewe chafu, na hakumwambia mtu. Walipokuja kugundua, wakaanza kushirikiana naye.

Kanisa la weusi la karibu zaidi lilikuwa mwendo wa siku nzima, hivyo kila Jumapili Kezia alikwenda kuabudu na Marafiki. Alikaa benchi la nyuma, chini ya ngazi, lililotengwa kwa ajili ya watu weusi. Marafiki walikataa kula sukari iliyolimwa na watumwa, na Mungu awabariki kwa hilo, lakini benchi lile walikuwa bado hawajaliona.

Jumapili moja ya Agosti, Kezia alikuwa na mgeni ndani tangu Ijumaa, mwanamke mnene, mcheshi, aitwaye Letti. Bwana aliyemmiliki alikuwa ameamua kumuuza kusini, naye akatoroka. Mumewe, Josia, alikuwa ametangulia Kanada miaka miwili. Ilipangwa kwamba baada ya ibada Aksa Stubbs, mke wa mzee Jehieli, ampeleke kaskazini kwa gari lake la farasi. Lakini asubuhi hiyo ndugu wawili wa Pruitt, wasaka watumwa, waliingia kijijini na kuanza kupekua nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba ya Kezia ilikuwa ya pili kutoka mwisho.

Kezia hakupoteza muda. Alitoa kapuni gauni la kijivu la Aksa, glavu, na kofia ya kike yenye ukingo mrefu mbele, akashusha na shela juu ya uso.

"Utaingia ibadani na Aksa," akasema. "Usihofu, hakuna atakayekutazama usoni. Wale hutazama sakafu."

"Nikiwa humo nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Usiimbe, usiseme amina, usipige makofi. Kaa tu."

"Na mhubiri?"

"Hakuna mhubiri. Mnakaa kimya mpaka wazee wawili wa mbele washikane mikono, ndiyo mnatoka."

Letti aliinua shela amwone vizuri. "Dada Kezia, hii ni dini au adhabu?"

Basi wakaenda. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao, kila upande na mlango wake. Letti alikaa kati ya kofia thelathini zinazofanana na yake, na Kezia akakaa chini ya ngazi yake. Haukupita muda akina Pruitt nao wakaingia, maana walikuwa wamemkosa katika nyumba zote. Walivua kofia zao kwa adabu, wakajikuta ndio wanaume pekee waliovua, maana Marafiki hawamvulii mtu kofia. Hawakujua wafanye nini, wakaketi nyuma upande wa wanaume.

Kimya kikatanda. Marafiki wana desturi moja: anayeguswa na Roho, awe mume au mke, husimama akasema, na akishaanza hakuna wa kumkatiza mpaka amalize. Lakini siku hiyo Roho alikuwa hana haraka. Tumbo la mtu lilinguruma mbele, likajibiwa na jingine.

Nusu saa hivi ilikuwa imepita Kezia alipoona bega la Letti likicheza. Kisha mguu ukaanza kugonga sakafu. Kisha mikono ikashika benchi la mbele kwa nguvu. Kezia alikuwa amelelewa katika kanisa la Wamethodisti weusi na dalili hizo alizijua kama jina lake: bega, mguu, mikono, halafu ukelele wa kuezua paa. Na Letti akipiga ukelele, hata nzi wa mle ndani watajua ametoka Kentucky.

Letti akaanza kuinuka. Kezia akaruka kabla yake.

"Marafiki," akasema kwa sauti kubwa, halafu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakosa la kusema.

Letti akaketi. Kezia akashika lililokuwa karibu, nalo lilikuwa wanga. Akaeleza unavyopikwa, unavyoharibika ukichemka sana, na kwamba moyo wa mtu ni vilevile. Wanga ukaisha. Akaja kwenye kola.

"Kola zenu zote nazijua. Wewe Jehieli, ukiuza farasi kola yako hulowa jasho, kwa sababu unataja kasoro zote halafu unabaki na farasi wako."

Benchi zima la wanaume likatikisika, wala hakuna aliyecheka. Kezia alimtupia Letti jicho. Mguu ulikuwa bado unacheza. Akajua akinyamaza tu, mwenzake atalipuka, kwa hiyo akaendelea. Alisema juu ya sabuni, juu ya Yona, juu ya madoa ya mchuzi. Saa nzima ikapita. Maneno ya juu yote yakamwishia, yakabaki yale ya chini kabisa, ambayo hakuwa amemwambia mtu.

"Mama yangu nilimwacha utumwani, ng'ambo ya mto," akasema. "Sijui kama yu hai. Mashuka yenu nimeyafua miaka tisa. Benchi hili nimelikalia miaka tisa. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia, Kezia, sogea huku."

Aksa Stubbs alianza kulia. Akainuka, akamshika Letti mkono, wakatoka kwa mlango wa wanawake, Letti akichechemea. Pruitt mkubwa aliwaona, akasimama awafuate.

"Wewe mwanangu mwenye ndevu," Kezia akasema, "keti. Bwana hajamaliza na wewe."

Pruitt alikuwa amelelewa na mwanamke mweusi aliyemfinya sikio kila alipocheza wakati wa sala. Makalio yakafika kwenye benchi kabla akili haijaamua. Kezia akaendelea kusema mpaka aliposikia mbao za daraja zikilia chini ya magurudumu ya gari la Aksa, ndipo akaketi. Wazee wakashikana mikono.

Nje, Pruitt alimkabili Jehieli, ambaye kila mtu alijua hasemi uongo. "Mzee, humo ndani umemwona mwanamke mweusi aliyetoroka?"

"Nimefumba macho tangu saa nne," Jehieli akajibu, na ilikuwa kweli tupu.

Mwezi wa kumi, Aksa alikuja kwa Kezia mbio, barua mkononi. Letti alikuwa amefika Kanada, yuko na Josia wake, wamepanga chumba.

"Ila kuna jambo anauliza," Aksa akasema. "Anauliza kwa nini ulihubiri."

"Si alikuwa ameshikwa na Roho?"

"Anasema mguu ulikuwa umekufa ganzi. Alitaka kusimama kidogo damu itembee. Ulipoanza kusema akaona aibu, akaketi na ganzi yake."

Kezia aliweka pasi chini. "Ganzi?"

"Ganzi, Kezia."

Alicheka mpaka akaangukia kapu la nguo, akaendelea kucheka humo ndani, kisha kicheko kikageuka kilio, naye hakukizuia. Aksa aliketi sakafuni kando yake, na kwa desturi ya watu wake akanyamaza. Hatimaye Kezia akajifuta uso kwa shati la mtu.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie sasa asimame wakati wowote anaotaka."