Shingo Ambayo Mkwe Haruhusiwi Kuigusa

Saa nane na robo mchana, Jumapili, mkono wa Levi Mukhisa unasimama hewani.

Mbele yake wamesimama wanawake saba juu ya turubai la buluu. Chini ya turubai kuna magunia yaliyoshindiliwa maganda ya mahindi, na pande zote kuna kuta za stoo ya kanisa, karibu na soko la Myanga, kaunti ya Bungoma. Levi amepita kwa sita wa kwanza. Huyu amemshusha kidevu, yule amemsogeza kiwiko, mwingine amemsukuma kidogo mgongoni ili ainame. Amefika kwa wa saba, mkono umekwisha kunyooka kuelekea shingoni, ndipo anakumbuka.

Anarudi nyuma hatua mbili. Anafunga mikono mgongoni, anageuza uso ukutani.

"Yule wa mwisho ateremshe kidevu," anauambia ukuta. "Kiingie ndani ya kiwiko, kisibaki juu."

Wa mwisho ni mjane wa miaka hamsini na minane aitwaye Nekoye. Anateremsha kidevu bila kumtazama mwalimu. Hakuna anayecheka, maana wote wanajua. Nekoye ndiye aliyemzaa Edinah, mke wa Levi, na katika familia hii ya Kibukusu mkwe hamgusi mama mkwe wake, hamwiti kwa jina, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Sasa mtu kama huyo utamkaba shingo vipi, hata kama ni kwa kumfundisha kujinasua?

Na shingo hiyo ndiyo iliyomtoa Levi Kitale kuja Myanga.

Alhamisi moja mwezi wa Juni, kabla jua halijachomoza, Nekoye alitoka nyumbani na mkungu wa ndizi kichwani. Kutoka kwake hadi barabara ya lami ni mwendo wa dakika kumi na tano katikati ya mashamba ya miwa. Alipofika kwenye kona, mkono ulitoka nyuma yake ukamkaba. Watu wa huku wanaiita ngeta. Mtu hujificha, hukubana shingo kwa nyuma, na kabla hujajua ni nani, dunia imezima. Mchuuzi wa maziwa alimkuta amelala mtaroni, simu na pesa zimekwenda. Kwa siku kumi na moja hakuweza kutoa sauti.

"Nilijua nimekufa," anasema, na sauti yake bado ina mkwaruzo. "Nilikuwa nafikiria tu, hii ndizi sasa nani atapeleka soko."

Polisi walimkamata kijana mmoja aliyewahi kumlimia shamba, akiwa na simu ileile. Yeye alidai aliinunua. Aliachiliwa kwa dhamana, kesi ikapangwa Novemba, na shahidi mkubwa ni Nekoye, ambaye aliitambua sauti yake ilipomnong'oneza anyamaze. Tangu hapo kijana huyo huonekana sokoni. Hasemi neno na Nekoye. Husema na wengine, ili yamfikie, kwamba yule mama hatafika kortini.

Majirani walimsindikiza Nekoye kwa wiki tatu. Wiki ya nne kila mtu alikuwa na shamba lake la kupalilia. Edinah alimsihi aache soko mpaka kesi iishe, naye akakataa katakata.

"Nikijificha leo, nitajificha mpaka lini?" anauliza. "Ndizi itakataa kuiva ati iningoje?"

Levi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, si mwalimu wa kuajiriwa popote. Ni mpakiaji wa magunia katika ghala la nafaka mjini Kitale. Gunia moja lina kilo tisini, na kwa kila gunia hulipwa shilingi kumi. Msimu wa mavuno anaweza kwenda nyumbani na shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku. Ghala likiwa tupu, kuna siku anarudi na mia mbili, na siku nyingine anarudi na vumbi tu.

Judo aliipata hapohapo ghalani. Jirani yao alikuwa Kigen, askari jela mstaafu, mzee wa maneno machache na mgongo ulionyooka. "Alikuwa anatuangalia tukianguka na magunia," anasema Levi. "Siku moja akasema, nyinyi hamjui kuanguka, ndiyo sababu mnavunjika. Miezi mitatu alitufunza kuanguka tu. Ya kushika mtu ikakuja baadaye."

Baadaye Levi naye akawafundisha wanawake wanaochambua mahindi ghalani, waliochoka kuvutwavutwa na madereva wa malori. Mama mkwe alipopigwa ngeta, Levi hakuuliza mtu. Aliomba stoo ya kanisa, akajilipia nauli ya kila Jumapili, na akamchukua Edinah waende pamoja.

Edinah ndiye aliyekuwa mikono yake. Kila alichotaka kumwonyesha mama mkwe, Levi alimwonyesha mkewe, naye mkewe akampa mama. Kidevu ndani ya kiwiko. Mikono miwili ivute chini. Kiuno kishuke, geuka, mwangushe. Nekoye alishika haraka. Kila aliposhikwa alitoka, na kufikia Agosti sokoni walikuwa wanamtania ati ameshakuwa askari.

Levi angepaswa kufurahi. Roho yake ikakataa.

Siku moja aliinama kando ya turubai akachungulia mkono wa mkewe shingoni mwa mamake. Kati ya mkono na shingo pangepita kikombe cha chai. "Mkazie," alimwambia.

"Baba Ivy, nitafinya aje shingo ya mama yangu?" Edinah alijibu, machozi yakimlengalenga. Ivy ni binti yao wa darasa la tatu. "Si hiyo ndiyo shingo nilikuwa napaka dawa juzi?"

Levi akambadilishia Nekoye washikaji. Wale watano nao humwita Nekoye Mayi, yaani mama, na kila mmoja alimshika kama anayebeba yai. Ndipo Levi alipoelewa kosa lake. Miezi miwili alikuwa amemfundisha mama mkwe kujinasua kwa watu wanaompenda.

"Wote walikuwa wanamheshimu," anasema. "Mtu mmoja tu ndiye hamheshimu, na huyo ako kwa miwa."

Jumapili iliyofuata alikuja na Kabura. Kabura ana miaka arobaini na mmoja, mmoja wa wachambuaji mahindi wa Kitale, kutoka familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Kati mwa Kenya zamani za babu yake. Mikono yake imekomazwa na kubeba madebe, na ulimi wake haujui kuzunguka.

"Mama, mimi naitwa Kabura," alimwambia Nekoye. "Desturi ya huku mimi siijui. Mimi sitakubembeleza. Ukitaka nikuachilie, gonga mkono yangu mara mbili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Kabura akazunguka nyuma na kukaba. Safari hii hapakuwa na nafasi ya kikombe.

Nekoye hakufanya lolote. Mikono yake ilining'inia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa stooni, na kila aliyemtazama alijua amerudi kule kwenye kona. Hakushusha kidevu. Hakugonga. Kabura aliangalia juu ya bega la Nekoye, akimngoja Levi aseme aache.

"Ningesema aache, angeenda nyumbani akijua mwili imekataa," anasema Levi. "Na Alhamisi, siku ya soko, ilikuwa siku nne tu. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza."

Aliuambia ukuta, "Kidevu." Halafu tena, "Yule wa mwisho, kidevu." Ukuta ulisikia, Nekoye hakusikia. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Edinah alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

Levi aligeuka, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa.

"Nekoye," aliita. "Nekoye, shusha kidevu. Geuka."

Kidevu kilishuka. Mikono iliinuka kana kwamba imeamshwa usingizini, ikavuta, kiuno kikazama, na Kabura, pamoja na madebe yake yote ya miaka ishirini, akatua turubaini kwa kishindo kilichorusha vumbi mpaka dirishani.

Hakuna aliyepiga makofi. Nekoye alijifunga kitambaa chake upya, akavaa ndara, akatoka bila kuaga.

"Nini sasa?" Kabura aliuliza akiwa bado chini. "Si ametoka vizuri?"

"Nimemwita jina," alisema Levi.

Hapo maji yalizidi unga. Jumamosi Levi aliitwa nyumbani kwa Wamalwa, ndugu wa marehemu mume wa Nekoye, na mzee huyo hakutaka kusikia habari za judo. "Hata nyumba ikiungua, mkwe anaita mama Edinah," alisema. "Hiyo ingine ni kumvua mtu nguo." Levi hakubishana. Alitoa kondoo mmoja wa kuomba msamaha, jasho la wiki nzima ya magunia, akainamisha kichwa na kurudi Kitale.

Wakati huo wote Nekoye alikuwa ameketi chumba cha pili. Jumapili ile hakuja darasani. Iliyofuata hakuja, na ya tatu pia. Soko hakuacha. Kila Alhamisi, ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alimwandikia Edinah neno moja, "Nimefika," na Edinah alimpigia Levi kazini.

Alhamisi ya pili ya Oktoba, mahindi mapya yameanza kuingia Kitale na malori mawili yanangoja. Saa kumi na mbili na nusu inapita. Levi ana gunia mgongoni na simu kwenye mfuko wa shati. Saa moja kasoro dakika kumi simu inalia.

"Baba Ivy, mama amekupigia?" Ni Edinah.

"Mimi? Anipigie mimi aje?"

"Simu yake haishikiki."

Levi anarudi kwenye lori kwa sababu hajui aende wapi. Kitale na Myanga si mkono na mdomo. Anabeba gunia la kumi na tisa, la ishirini, la ishirini na moja. Msimamizi anamwambia apumzike, anatikisa kichwa. Anajiambia kwamba yeye ndiye aliyemwua, kwamba angemkataza soko, kwamba angemshika shingo mwenyewe tangu mwanzo na wazee waseme watakavyo. Ana hofu, na haifichi.

Saa moja na dakika nane, ujumbe unaingia kutoka namba ambayo hana. Namba yake yeye imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya kanisa, yeyote anaweza kuichukua. Anauweka chini mzigo na kusoma.

"Huyu ni Nekoye. Amenishika pale kwa kona. Nimeshusha kidevu nikageuka akaanguka kwa mtaro. Watu wa maziwa wamemkalia mpaka polisi wakuje. Simu ililoa nimetoa laini nikaweka kwa ya mtu. Niko soko."

Levi anausoma mara tatu. Angeweza kuandika mama Edinah. Angeweza kuandika kukhu, nyanya yake Ivy. Ameandika jina. Mwanamume wa kilo themanini na nne anakaa juu ya gunia mbele ya wapakiaji wenzake na kulia, na hakuna anayemtania.

Kijana yule yuko rumande sasa, na polisi wanasema mashtaka yameongezeka. Nekoye amerudi darasani. Levi bado hamgusi, wala hajamwita jina tena. Amepata matumizi bora ya mama mkwe wake, maana kuna wanawake wengine wa umri wake ambao hakuna anayethubutu kuwabana, na Nekoye anaweza kumbana yeyote. Januari Levi anapanga kuanzisha madarasa yao katika mji mdogo wa Ndalu na Kitale, Kabura upande mmoja, Nekoye upande wa pili.

Jumapili hii Nekoye amemkaba muuza mboga wa miaka sitini, na muuza mboga analalamika kwamba anaumia.

"Shusha kidevu," Nekoye anamwambia, na haachii.

Akipumzika kwenye benchi, anaulizwa kilichomtoa mikononi mwa yule kijana. "Hapo kwa kona sikukumbuka masomo hata moja," anasema. "Nilisikia tu mtu ananiita."

Kesi inasikizwa tarehe kumi na nane Novemba. Kijana alisema yule mama hatafika. Nekoye ameshapiga pasi gauni, na ameulizia jinsi mambo yanavyoendeshwa huko ndani.

"Wameniambia ukisimama, kwanza unasema jina yako, kila mtu asikie," anasema. "Hiyo nitasema."