Chawa wa Kitabu cha Babu

Ijumaa moja ya masika nilikwenda kwa wazazi wangu Nyakabiga kuwasalimu, nikamkuta mama ameganda mbele ya kabati la sebuleni. Mkononi alishika kitabu cha marehemu baba yake. Vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vilikuwa vinakimbia huku na huku juu ya kurasa ambazo babu aliziandika kwa mkono wake: dua, dawa, habari za ukoo, yote kwa herufi za Kiarabu.

"Chawa!" mama alinong'ona, majirani wasisikie. "Mu nyumba yangu!"

Baba alikitazama, akasema kimekwisha. Kwa kuwa kina aya za Mungu, hakitupwi ovyo. Kitafungwa kitambaa cheupe na kuzikwa baada ya swala ya alasiri, kama ilivyo desturi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikuwa na saa chache tu za kukiokoa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijawa na furaha! Nafundisha biolojia, na tangu utotoni wadudu ndio ugonjwa wangu. Nikatoa lenzi kwenye mkoba. Hao hapo: kichwa kikubwa, paji la uso lililovimba, mapaja manene ya nyuma, mabawa hakuna. Chawa wa vitabu!

Nilimvuta baba hadi kwenye mparachichi wa uani, nikamwonyesha ndugu zao wa kwenye magome, wenye mabawa, wanaotembea kundi zima kama mbuzi na kula kuvu ya mti. "Ukoo wao ulianzia huku," nilisema, maneno yakipigana kumbo. "Wengine walihamia kwenye viota vya ndege na mashimo ya wanyama, wakazoea kula manyoya na ngozi iliyodondoka. Mwisho wakapanda juu ya mwenye nyumba, wakakaa. Chawa wa kichwa ametoka humo humo, baba! Lakini hawa wa kitabu hawanyonyi damu. Wanakula kuvu."

"Donc, basi, hiyo kuvu imetoka wapi?" baba aliuliza.

Nilikuwa nimeshainusa. Kila Ijumaa mama alikipangusa kitabu kwa maji ya waridi, kwa heshima, kisha akakifunga kwenye nailoni vumbi lisiingie. Kwa joto letu hili la kando ya ziwa, alikuwa analima shamba la kuvu. Tukarudi sebuleni, nikalisema hilo mbele yake, kwa kelele, kama mtu aliyefunga bao. Mama akashusha macho. Nilitamani nimeze ulimi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaendelea kwa upole: tukianike kivulini penye upepo, nailoni tuitupe. Bila unyevu vidudu hivi haviishi. Baba akatikisa kichwa.

"Apana. Unaokoa kitu gani? Mi na mama yako tukienda, nani atakisoma?"

Mama alikifungua kitabu, akapuliza kidudu kimoja, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma basi, mwalimu."

Nilitazama. Herufi za madrasa nilizikumbuka mojamoja, ila mwandiko wa babu, Kiswahili kisicho na irabu, ulinishinda kabisa. Mdudu asiyeonekana namjua hadi viungo vya miguu yake. Babu yangu simjui hata mstari mmoja. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Mama hakunicheka. Alisoma mwenyewe, polepole, dawa ya homa, na chini yake maneno machache: "Binti yangu ameamka. Amekula uji. Alhamdulillahi." Binti huyo alikuwa yeye.

Alikifunga kitabu. "Kesho utaanza na alifu," alisema. "Ukikataa, baba yako achukue jembe."

Baba alisimama mlangoni akinisubiri. Mimi, mwalimu wa watu, mama wa watoto wawili, nikajibu, "Ndiyo, mama."