Kiti cha Mjomba na Mistari ya Mwanga

Fundi wa maabara ya chuo chetu tulimwita Spana, na kiti chake kilikaa pembe ileile karibu na meza kubwa kwa miaka ishirini na sita. Ukikikalia, anakukodolea macho mpaka unyanyuke mwenyewe.

Mwaka wake wa mwisho kazini, mpwa wake, binti wa dada yake, akaja na swali la kumalizia masomo: je, mwanga huenda kwa kasi ileile pande zote? Spana akamtengenezea meza ya chuma inayozunguka. Mwale mmoja uligawanywa, nusu ikaenda mkono huu wa meza na nusu mkono ule, zikagonga vioo na kurudi kukutana kwenye karatasi, zikachora mistari myekundu na myeusi. Kama kasi zinatofautiana, ukizungusha meza mistari itasogea.

Ikasogea! Kila mkono wa meza ulipoelekea pembe ya Spana, ikasogea. Binti akarukaruka. Spana naye alivimba kichwa, tusifichane. Kantini nzima ilishaambiwa kwamba ataandikwa vitabuni.

Alhamisi, siku moja kabla ya kukabidhi ripoti, alitoka kutafuta bisibisi. Aliporudi alimkuta binti ameshika kiuno.

“Mjomba, mistari imegoma.”

Spana akaketi kwenye kiti chake. Baada ya muda ikaanza tena kusogea.

“Afadhali!” binti akasema.

Spana hakuona afadhali yoyote. Alijua hewa ikipata joto huuyumbisha mwanga, na pembe ile ilikuwa na kitu kimoja tu chenye joto. Angeweza kunyamaza. Mpaka saa sita mchana chai ilikuwa imempoa mkononi.

“Mwanangu, anayesogeza mistari ni mimi. Joto la mwili wangu.”

“Mjomba! Ripoti ni kesho!”

“Ndiyo maana nakwambia leo.”

Akabeba kiti mwenyewe hadi koridoni. Nilipita mara tatu nikamkuta palepale, mikono katikati ya magoti, kama anayesubiri habari za mgonjwa. Nilimhurumia kweli.

Jioni sauti ikatoka ndani: “Mjomba! Pande zote sawa! Haijatikisika hata kidogo! Njoo uone!”

“Nikiingia nitakuharibia.”

“Nimeshamaliza kupima. Njoo na kiti chako.”

Akaketi kwenye pembe yake. Binti akasubiri, akazungusha meza taratibu, na mistari ikainama kidogo.

“Huyo ni wewe,” akamwambia.

Spana akaitazama mpaka machozi yakamlengalenga machoni.

“Kumbe naonekana,” akasema.