Nusu Tiketi na Filamu ya Mfua Chuma

Kule gazetini walimwita Nusu Tiketi, na baba hakuwahi kulipenda jina hilo ingawa lilimkaa sawasawa. Alikuwa mhakiki. Kila wiki alijaza ukurasa mzima kuhusu vitabu, filamu, michezo ya kuigiza na maonyesho ya picha, na watu wazima wenye akili zao walisubiri aseme ndipo wajue kama walichokiona ni kizuri. Vitabu alivisoma mpaka jalada la nyuma. Picha alizikodolea macho mpaka walinzi wakamshuku. Filamu ndiyo ilikuwa balaa. Mtambo wa kuchapa gazeti ulianza kunguruma kabla ukumbi wa sinema haujawasha taa, kwa hiyo filamu mpya ikifika baba aliitazama mpaka inapokolea, akainuka amejikunja ili asiwazibe watu, akakimbilia ofisini kuandika. Katika kazi ile yote hakuwahi kuona filamu ikiisha.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya mama. Mama alikuwa mpokea simu hospitalini, mwenye sauti ambayo hata mtu aliyepewa habari mbaya alitamani aendelee kuongea. Walikwenda sinema wote wawili. Baba akitoka, mama anabaki. Baba akirudi nyumbani anakuta chakula kimefunikwa, na mama anamsimulia ilivyoisha. Makala ilikuwa imeshakwenda mtamboni na haibadiliki tena, ila baba alitaka kujua tu, kwa ajili ya roho yake.

Mama alikuwa pia mfumaji. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokaa uchi: makochi, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi ulivalishwa kitambaa chenye maua pembezoni. Hatukuwahi kujiuliza alipata wapi muda.

Mwaka huu mchapishaji mmoja alimwomba baba akusanye makala zake ziwe kitabu. Baba alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Kazi ya kuzichapa kwenye kompyuta iliniangukia mimi, fundi cherehani, eti kwa sababu vidole vyangu vimezoea mashine. Sikubisha. Nilishawahi kubishana na baba mara moja, ikatosha: niliacha chuo cha ualimu nikaenda kujifunza kushona, naye akaniambia nisikanyage tena kwake. Kushona sijutii hata kidogo. Lakini kipindi kile nilichopanga chumba peke yangu, bila kusikia sauti yake, sipendi hata kukikumbuka. Halafu asubuhi moja alibisha hodi, amebeba blanketi langu la zamani, akasimama mlangoni, akauliza, "Umekula?" Ugomvi wetu uliishia hapo.

Sasa baba, kwa kutaka kitabu kiwe kamili, akaongeza chini ya kila makala ya filamu aya fupi aliyoiita "Ilivyoisha". Aliandika yale aliyosimuliwa na mama. Mimi nilikuwa nachapa huku napiga miayo, mpaka nikafika kwenye filamu ya mfua chuma aliyemfukuza binti yake. Ilivyoisha: mfua chuma anafunga karakana, anamfuata binti mjini, amebeba blanketi, anasimama mlangoni na kuuliza, "Umekula?"

Niliacha kuchapa. Kumbe hata lile neno moja aliliazima kwenye sinema! Nilikasirika, halafu nikaona aibu kwa kukasirika, halafu nikawa sijui hata ninachohisi. Alikuja kwa kunipenda au kwa kuiga? Sikumuuliza. Niliendelea kuchapa, nikawa nakosea herufi kila mstari.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwao. Televisheni ikaonyesha filamu ya zamani, mojawapo ya zile zilizomo kitabuni, ya mwalimu wa muziki aliyepoteza kusikia. Baba akavuta kiti karibu.

"Subirini," akasema. "Mwishoni wanafunzi wake wote wanarudi kumpigia wimbo wake."

Hakurudi mwanafunzi hata mmoja. Mwalimu wa watu aliuza piano yake, akapanda treni, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Wamekata," baba akasema. "Kuna kipande wamekata."

"Siku hizi wanakata sana," mama akajibu, huku anafuma.

Baba hakuridhika. Alipiga simu kwenye kituo cha televisheni. Nilimsikia akieleza habari za wanafunzi na wimbo, na binti wa upande wa pili akimjibu kwa upole, "Mzee wangu, filamu ni hiyo hiyo. Hakuna kilichokatwa." Simu ilipokwisha alibaki ameishika.

"Labda nimeichanganya na nyingine," akaniambia.

Nilimwonea huruma. Baba yangu amekosoa kila mtu aliyewahi kushika kalamu au kamera, na sasa alikuwa anakosoa kichwa chake mwenyewe. Alizunguka sebuleni akigusa vitu, anaanza kusema jambo halafu analiacha. Aliogopa kwamba ndiyo uzee wenyewe umeanza. Mwishowe akasema atampigia mchapishaji aachane na kitabu.

"Kitabu chote, baba?"

"Chote. Kama hili silikumbuki, hayo mengine nitayaaminije?"

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, wale wanafunzi uliwatoa wapi?"

Alizima jiko kwanza. "Baba yako akitoka, na mimi natoka," akasema. "Mwanamke peke yangu kwenye giza lile, wanaume wanageuka geuka kunitazama? Nilikuwa naenda kukaa kibandani na mkata tiketi, nafuma mpaka watu watoke."

"Filamu zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo yale uliyokuwa unamsimulia..."

"Alikuwa anarudi amechoka, mwanangu. Nimwambie sijui?"

Nilitazama mtungi wa gesi na kitambaa chake. Nilitaka kucheka, na kicheko kikakataa kutoka.

"Na ile ya mfua chuma?"

Mama akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. "Wewe kule ulikuwa huna blanketi," akasema. "Na baridi ilikuwa imeanza."

Nilikuwa nimemkasirikia baba kwa kuiga filamu, na filamu yenyewe ilikuwa mama.

Mama alikwenda mwenyewe kumwambia baba. Nilitega sikio nikingoja kelele. Baba alicheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa. Aliponiita alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kitabu kiende," akasema. "Ila toa zile aya nilizoongeza. Ziende makala tupu."

"Hata ya mfua chuma?"

"Hiyo sijui. Ngoja kwanza."

Hakungoja sana, maana kituo kile kile kilitangaza kwamba Jumapili ya pili yake kitaonyesha filamu hiyo hiyo. Tulikaa wote watatu. Mfua chuma akamfukuza binti, binti akaondoka na kifurushi chake, mvua ikanyesha juu ya karakana. Ghafla baba akainuka, amejikunja, kama vile kuna watu nyuma yake.

"Mimi hapa ndipo nilipotoka," akasema.

Akaenda zake kibarazani. Mama naye akakusanya uzi wake, akamfuata. Nilibaki peke yangu na rimoti mkononi, sijui nizime au nitazame, na wakati bado nashangaa filamu ikaisha. Mfua chuma hakwenda popote. Binti alimwandikia barua, naye akaitia motoni bila kuifungua, akaendelea kugonga nyundo.

Nilizima, nikatoka nje. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, mabega yao yamegusana.

"Imeishaje?" baba akauliza.

Mama hakuinua macho, lakini sindano yake ilisimama.

"Amemfuata," nikasema. "Amebeba na blanketi."

Baba alinitazama kwa yale macho yaliyowatia watu jasho kule kumbini. Sikuyakwepa. Kisha akasogea kunipa nafasi kwenye benchi.

"Basi hiyo usiitoe," akasema.

Kitabu kimetoka, na aya ile imo. Mpaka leo sijui kama aliniamini.