Mtu Aliyeachwa Mlangoni

Mtaani walimwita Mama Pasi, na wenye midomo mirefu walimwita Bubu, kwa kuwa ukimpelekea nguo ataitikia salamu, atapokea, basi. Bubu wapi! Mama yule alikuwa na maneno kutushinda sote, ila aliyaweka ya jioni, ya mumewe.

Alipiga pasi katika chumba cha nyuma cha dobi: meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kopo la maji ya kunyunyizia, dirisha linalotazama ukuta. Kutwa nzima, kila nguo ilimpa habari. Shati moja la kijivu lilichakaa kiwiko cha kushoto tu. Anaegemea wapi huyu? Dirishani, akajijibu, kuna mtu anamtazamia. Hapo akazaliwa kichwani mwake Bwana Kiwiko, aliyekosana na mdogo wake kwa ajili ya kitanda cha marehemu mama yao. Jioni mumewe, fundi wa kupiga lipu, alinawa saruji mikononi, akaketi kula, akauliza, "Haya, jamaa yetu leo kafika wapi?" Miaka nenda miaka rudi walikula hivyo.

Sasa, Bwana Kiwiko alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa mdogo wake, kainua mkono abishe mlango, binti yao akaleta simu.

"Mama, unakaa peke yako kama mfungwa. Shika hii ikuchangamshe."

Mtoto ana mapenzi yake, nani amlaumu? Mama Pasi akaiegemeza kwenye kopo, na kweli ikamchangamsha: vichekesho, ugomvi wa watu asiowajua, mtu anakatakata vitunguu mbio mbio. Alicheka mbavu zikamuuma. Mashati yakapita, yakawa mashati tu.

"Kabisha?" mumewe akauliza.

"Bado."

Kesho yake, bado. Wiki ikaisha, bado.

"Mama watoto, mtoto wa watu kasimama mkono juu. Utamfa ganzi."

Kwa aibu akatunga chapuchapu: mdogo mtu kajificha kabatini, mbuzi kaingia ndani, kabati likaanguka. Mumewe akaweka kijiko chini.

"Hiyo vijana wametuonyesha leo kazini, kwenye simu. Hata mbuzi yumo." Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Si yako hiyo."

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma mkewe. Mwenyewe aliogopa kwamba kile kipaji chake kimekwisha kabisa.

Akaizika simu chini ya shuka kwenye kikapu. Mnadhani mambo yalirudi? Thubutu. Kimya kilimkera, mkono ukawa unakwenda kikapuni wenyewe. Aliitoa, akairudisha, akaunguza ukosi wa mtu. Siku zikapita, kichwa kitupu, naye akavumilia tu, anasukuma pasi.

Hadi shati la kijivu liliporudi. Kiwiko kilikuwa kimetiwa kiraka, uzi mweusi, mshono umekwenda upogo. Akaupitisha kidole. Nani huyu asiyejua kushika sindano, na bado kashona? Midomo ikaanza kumcheza.

"Mama! Nimepiga simu weee, nikajua umeanguka." Binti alikuwa mlangoni, anahema.

"Nipo, mwanangu."

"Unaongea na nani?"

"Njoo kwetu jioni utasikia. Baba yako kasubiri zaidi yako, asikie kwanza."

Jioni wakaketi watatu. Fundi alikula, macho kwenye sahani.

"Kabisha," mkewe akasema.

Fundi akaacha kutafuna. "Kafungua nani?"

"Mdogo wake, papo hapo. Kumbe siku zote hizo naye alikuwa amesimama upande wa pili, kashika kitasa, anaogopa kufungua."

"Na kile kiwiko?" binti akauliza, naye hadithi hii alikua nayo.

"Mdogo wake kamshonea. Vibaya, lakini kashona."

Fundi alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, wala hakujificha.

"Nilidhani hamtarudi," akasema, "wewe na yeye."